Safari fupi: nipeni safu ya mlango wa dharura

Kwa ndege ya saa moja au mbili, siku hizi sinunui tena daraja la biashara. Naomba kiti cha safu ya mlango wa dharura, basi.

Mimi ni mrefu, na magoti ndiyo yanayoniamulia. Jana nimekaa hapo, nikanyoosha miguu yote miwili, na jirani wa dirishani akapita kwenda msalani bila mimi kusimama. Kwenye mashirika mengi ya Ulaya, daraja la biashara la safari fupi ni viti vilevile vya kawaida, ila cha katikati kinaachwa wazi na pazia linavutwa nyuma yako. Mabega yanapata nafasi, magoti hayapati kitu!

Yapo ya kuvumilia. Kwenye baadhi ya ndege meza inatoka ndani ya egemeo la mkono, kwa hiyo egemeo halinyanyuki na kiti kinabana kidogo nyongani. Begi lote linapanda juu wakati wa kuruka na kutua. Zikiwa safu mbili za milango zimefuatana, chagua ya nyuma, maana viti vya ile ya mbele kwa kawaida havilali. Na lazima uwe tayari kufungua mlango ukiamriwa. Mwenye mtoto mchanga hakai hapo, na ni sawa kabisa.

Nikiwa na mizigo mingi, hapo daraja la biashara nalielewa, kilo zinaongezeka. Lakini kulipa zaidi kwa pazia tu? Hapana. Warefu wenzangu, nyie mnakaa wapi?