Kutia kiyoyozi kwenye gari la 1984: nilipofikia

Gari ni saluni ya 1984, injini ya kabureta, na halikutoka kiwandani na kiyoyozi. Pa kufungia kompresa (pampu inayobana gesi ya kiyoyozi) hapapo, puli ya krenki inayozungusha mkanda ina mfereji mmoja tu, na chini ya dashibodi pameachwa uwazi uliozibwa kwa bati. Kazi yote naifanya mwenyewe, isipokuwa kuchomelea.

Wengi wakianza mradi huu hukimbilia kutafuta kompresa. Mimi nilianza na kondensa, na bado naamini ndiyo njia. Kiyoyozi hakitengenezi baridi, kinahamisha joto: kinalitoa ndani ya gari na kulimwaga nje, na mahali pa kulimwaga ni kondensa, mbele ya rejeta. Kondensa ikiwa ndogo au upepo usipopita vizuri, kompresa hata iwe mpya kabisa itahangaika bure, na injini itachemka juu yake.

Kwa hiyo nilipima kwanza uso wa rejeta na nafasi iliyopo hadi kwenye grili, nikachukua kondensa kubwa kuliko zote zinazoweza kuenea pale. Nimechagua ya mirija bapa inayokwenda sambamba, si ile ya zamani yenye mrija mmoja unaojikunja kama nyoka, maana kwa R134a, gesi ya kupozea nitakayotumia, hii inatoa joto vizuri zaidi. Kisha nikaziba kwa sponji mianya yote ya pembeni kati ya kondensa na rejeta. Upepo hupenda njia rahisi; ukiuachia mwanya, unapita pembeni na kuiacha kondensa ikiungua. Feni ya umeme imekaa mbele na inasukuma hewa kuelekea nyuma, upande uleule ambao upepo huelekea gari likitembea.

Kuhusu gesi: magari ya miaka ile yaliyokuwa na kiyoyozi yalitumia R12, ambayo iliondolewa kwa Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni. Ukichukua vifaa vya gari la enzi hizo kumbuka jambo hili, kwani oili ya madini iliyokuwa ndani ya kompresa zake haichanganyiki na R134a, wala hozi zake za mpira mtupu hazikutengenezwa kuizuia isivuje. Kompresa yangu ni ya mtumba. Niliimwaga oili ya zamani yote, nikaisafisha kompresa na kutia oili ya esta. Hozi na oringi zote ni mpya. Wapo wanaotia gesi ya kupikia kwa kuwa nayo inapoza. Mimi siwezi. Koili ya kupoozea iko ndani, mbele ya miguu ya abiria. Ikivuja, gesi inayowaka inajaa mlemle mlimo na watu.

Sehemu iliyokula muda ni braketi ya kompresa. Nilitengeneza kielelezo kwa kadibodi nene, nikahamishia kwenye bamba la chuma la milimita 8, nikafunga kwenye matundu ya bolti ambayo tayari yapo ubavuni mwa injini. Puli ya krenki nimeibadilisha kwa yenye mifereji miwili. Halafu kulinganisha: rula ndefu ya chuma unailaza kwenye uso wa puli ya krenki na kuona inavyogusa puli ya kompresa. Inatakiwa iguse kingo zote mbili bila mwanga kupenya. Upande wa chini ulikuwa unaonyesha uwazi wa kama milimita mbili, nikaweka washa nyembamba nyuma ya bolti moja, nikakaza, nikapima tena, mpaka mwanga ukafutika. Milimita mbili zinaonekana ndogo, lakini mkanda ukizunguka kwa kasi umepinda kiasi hicho, unapiga kelele na kujila pembeni.

Umeme ni mwepesi. Klachi ya kompresa inavuta kama ampea 4, feni inavuta zaidi, kila moja ina rilei na fyuzi yake. Swichi ya presha inakata klachi presha ikipanda mno au gesi ikiisha, na thamostati inakata koili ikikaribia kuganda. Kwenye kabureta nimefunga kisukumio kidogo kinachoongeza mzunguko wa injini klachi inaposhika, vinginevyo gari lingezima kwenye foleni.

Draya, kopo la kukausha gesi, niliifungua mwisho kabisa, kila kitu kingine kikiwa kimeshafungwa, kwa sababu dawa iliyo ndani yake inaanza kunyonya unyevu wa hewani mara tu unapotoa vifuniko. Kisha vakyumu, yaani kunyonya kwa pampu kila kilichomo kwenye mabomba. Shabaha si kutoa hewa peke yake, ni kukausha maji: geji ikifika inchi 29 za zebaki, maji huchemka kwenye nyuzi joto kama 25 tu, yakawa mvuke na pampu ikayavuta. Niliiacha pampu ifanye kazi saa nzima, nikafunga vali na kutazama mshale. Haukusogea. Ungerudi, nisingetia gesi hata kidogo.

Gesi niliitia upande wa presha ndogo, kopo likiwa wima ili uingie mvuke na si kimiminika, miwani na glovu zikiwa zimevaliwa; R134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri na inaweza kupofua jicho. Geji ya bluu, ya presha ndogo, imetulia kwenye psi 30 hivi, maana yake koili iko juu kidogo ya sifuri. Nyekundu, ya presha kubwa, iko karibu na 200.

Gari likitembea, kipimajoto kwenye tundu la dashibodi kinasoma nyuzi 8. Likisimama kinapanda hadi 14, na nimejua sababu moja: maji ya moto bado yanazunguka kwenye koili ya hita, ambayo hewa hiyohiyo inapita. Kinachofuata ni kufunga vali kwenye hozi ya hita, kisha nitapima tena gari likiwa limesimama juani.