Gundi ya Kubandikia Raba: Tazama Sponji na Ubao Kwanza

Mchezaji wa tenisi ya meza anaweza kutumia majuma kadhaa akilinganisha raba, yaani mpira unaofunika uso wa raketi, akapima ugumu wa sponji iliyo chini ya mpira huo na uzito wa ubao wa raketi, kisha siku ya kubandika akachukua gundi yoyote iliyo karibu naye. Mimi naona gundi inastahili kufikiriwa kwa uzito uleule, kwa kuwa ndiyo inayoamua kama raba itatulia sawasawa juu ya ubao, na, jambo ambalo wengi hulisahau, kama raba hiyo itabanduka salama siku utakapotaka kuihamisha au kuibadilisha. Sifa ninayoitafuta kwanza katika gundi ni kubanduka vizuri. Nguvu ya kushika huja baadaye, kwa sababu karibu gundi zote zilizotengenezwa kwa ajili ya mchezo huu hushika vya kutosha.

Kwa miaka mingi suala la gundi lilihusu kasi. Wachezaji walitumia gundi zenye viyeyusho kama vile tolueni, ambavyo vilipenya ndani ya sponji, vikaivimbisha na kuivuta raba ya juu, hivyo mpira ukaruka kwa kasi na mzunguko zaidi. Athari hiyo ilipungua kadiri viyeyusho vilivyozidi kuruka hewani, ndiyo maana raketi ilibandikwa upya kabla ya mashindano, mara nyingi ndani ya vyumba vilivyofungwa na kujaa mvuke usiofaa kuvutwa na binadamu. Shirikisho la Kimataifa la Tenisi ya Meza, ITTF, lilipiga marufuku gundi zenye viyeyusho hivyo kuanzia tarehe 1 Septemba 2008, mara tu baada ya Olimpiki ya Beijing. Naiunga mkono hatua hiyo bila kusita. Watengenezaji wa raba waliitikia kwa kuendeleza sponji ambazo tayari zina mvutano ndani yake, na gundi ikarudia kazi yake ya asili, yaani kushikilia.

Gundi nyingi za maji zinazouzwa leo ni utomvu wa mpira uliochanganywa na maji. Ikipakwa huwa nyeupe kama maziwa. Maji yakishakauka, chembe za utomvu huungana na kuwa utando mwembamba unaopitisha mwanga. Utando huo una tabia moja muhimu sana: ukigusana na utando mwenzake hushikamana nao papo hapo. Kwa hiyo gundi hupakwa pande zote mbili, kwenye sponji na kwenye ubao, na kuachwa ikauke kabisa kabla ya kuunganishwa. Anayeharakisha na kubandika wakati bado kuna madoa meupe hufungia maji katikati, na maji hayo hukosa njia ya kutokea, hivyo raba huanza kuinuka pembeni au kufanya malengelenge.

Hapa ndipo sponji inapoingia katika uchaguzi. Sponji laini za kisasa, hasa zile zenye mvutano wa ndani, huwa na vitundu vikubwa unavyoweza kuviona kwa macho. Gundi nyepesi ikipakwa juu yake huzama ndani ya vitundu na kuacha kuta za vitundu hivyo zikiwa karibu kavu, kwa hiyo sehemu inayoshikana na ubao huwa ndogo mno. Kwa sponji za aina hiyo ninapendekeza gundi nzito kidogo, au tabaka mbili nyembamba ambapo ya kwanza huachwa ikauke kikamilifu kabla ya kupaka ya pili. Sponji ngumu zenye vitundu vidogo, kama zile za raba nyingi za Kichina zenye uso unaonata, zina uso uliofungamana, na tabaka moja nyembamba huzitosha. Kuzipaka gundi nyingi ni hasara, kwa sababu utando mnene wa utomvu ni tabaka jingine linalonyumbuka kati ya sponji na mbao, na mkono uliozoea hulitambua kwa jinsi mguso unavyofifia. Sponji yoyote ikipata maji inaweza kujikunja kidogo upande mmoja wakati wa kukauka; iache itulie, wala usijaribu kuinyoosha kwa nguvu.

Raba yenye vipele virefu, yaani vinundu vya mpira vilivyochomoza juu ya uso wake, isiyo na sponji ni habari tofauti. Kitambaa chake cha nyuma ni chembamba, na kila uvimbe wa gundi huonekana upande wa juu na kubadili mwelekeo wa vipele. Kwa raba hizo karatasi ya gundi yenye kunata pande mbili ni chaguo bora kuliko gundi ya maji, kwa kuwa unene wake ni uleule kila mahali.

Tazama na ubao pia. Mbao laini za tabaka la juu la ubao, kama zile za miti ya hinoki na limba, hutoa nyuzi kwa urahisi raba inapobanduliwa, na gundi inayoshika sana huongeza hatari hiyo. Kwa ubao wa namna hiyo ningechagua gundi ambayo utando wake hutoka kwa kusuguliwa na kidole, na ningetanguliza vanishi kidogo sana, kiasi cha kuziba nyuzi tu, maana vanishi nyingi huugumisha ubao. Wakati wa kubandua, anzia karibu na mpini, vuta polepole ukifuata mkondo wa nyuzi za mbao, na usimame mara unapohisi mkwamo.

Gundi za matumizi mengine sizipendekezi hata kidogo. Gundi ya seremala hukauka ikawa ngumu na kuingia ndani ya mbao, na raba iliyobandikwa nayo haitatoka nzima. Gundi ya viatu kwa kawaida huwa na viyeyusho vilevile vilivyokatazwa, na raketi inayotoa mvuke wake inaweza kukataliwa kwenye ukaguzi wa mashindano. Vilevile mafuta ya kuvimbisha sponji, ambayo baadhi ya wachezaji huyapaka kabla ya gundi, yanakwenda kinyume cha kanuni inayotaka raba itumike bila kufanyiwa badiliko lolote la kimwili au la kikemikali.

Kuna pia suala la unene. Kanuni inaruhusu raba yenye sponji kufikia milimita 4.0 kwa jumla, gundi ikiwa imehesabiwa ndani yake. Raba zenye sponji nene kabisa hukaribia kikomo hicho zikiwa bado hazijapakwa kitu, kwa hiyo mwenye kuongeza tabaka jipya juu ya utando wa zamani kila anapobandika upya anajisogeza kwenye hatari ya kuzidi. Ondoa utando wa zamani kwenye ubao kila mara, na kwenye sponji pia ikiwa unatoka bila kuirarua.

Mwisho, nunua chupa ndogo kama hubandiki mara kwa mara. Utomvu uliofunguliwa huanza kuganda taratibu, na bonge moja dogo likibaki chini ya sponji hukiinua kipande cha raba. Funga kifuniko mara umalizapo kumimina, weka chupa mbali na jua na baridi ya kugandisha, na gundi ikianza kutoka na mabonge, itupe.