Mbegu Ngumu na Kopo la Msasa

Ukuta wa uani kwetu Isevya, hapa Tabora, umefunikwa na maua ya bluu, na kwa kuwa watu watatu waliniambia kwamba mbegu zake haziwezi kuota katika mchanga wetu, naona nina haki ya kueleza zilivyoota. Mmea huu utambaao unaitwa Clitoria ternatea, jina la pili likitokana na kisiwa cha Ternate huko Indonesia. Ni wa jamii ya mikunde, ndugu wa kunde na mbaazi, na mbegu zake huwa na gamba gumu linalozuia maji kupenya.

Muuzaji mmoja wa pembejeo alinishauri nizimwagie maji yanayochemka. Mbegu 20 zilivimba siku ileile nikafurahi, kumbe nilikuwa nimezipika: baada ya juma moja nilifukua viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, nikakuta uji wenye harufu ya maharage yaliyochacha. Nilipomrudia, alisema mbegu zilikuwa mbovu, ninunue nyingine. Fedha yenyewe ilikuwa shilingi elfu tano au sita hivi, lakini nilikasirika kwa sababu mbegu zilikuwa nzima na ushauri wake ndio ulioziua.

Nyingine 20 nililoweka usiku kucha katika maji ya kawaida. Asubuhi 3 zilikuwa zimevimba, na 17 zilikuwa ngumu vilevile kama changarawe. Nilizipanda kila kundi peke yake ili nijue, nazo zile 3 zikaota zote, ilhali katika zile 17 halikuchomoza jani hata baada ya majuma matatu. Hapo nikaelewa kwamba mchanga wa Tabora ulikuwa ukisingiziwa.

Nilimpelekea jirani yangu, fundi seremala, mbegu moja. Aliigeuza kiganjani, akasema, “Mama, hili gamba lilegeze kwanza, maji yafuate,” akanipa kipande cha msasa. Kusugua mbegu mojamoja kulinichosha vidole, ndipo nikauzungushia msasa ule ndani ya kopo la maziwa, upande wenye chenga ukitazama ndani, nikatia mbegu, nikafunika, nikatikisa kama mpiga kayamba. Nilifungua kila baada ya muda mfupi kutazama, kwa sababu inatosha mng’ao wa gamba upotee. Ukiendelea hadi weupe wa ndani uonekane, umekwisha kuijeruhi. Baada ya kulala majini usiku mmoja, mbegu 16 kati ya 20 zilivimba, na baada ya siku nane hivi viriba vilikuwa vya kijani.

Nilihamishia miche ukutani mvua za Novemba zilipokolea, mahali penye jua la kutosha. Fito nilizosimika zililiwa na mchwa, kwa hiyo tumieni kamba ya katani iliyofungwa kwenye misumari. Samadi iwe kidogo, kwani mizizi ya mmea huu hujipatia naitrojeni kwa msaada wa bakteria. Ua la kwanza lilichanua Januari. Maua hayo tunayatia katika maji ya moto yakatoa rangi ya bluu, na ukikamulia ndimu hugeuka zambarau, jambo ambalo watoto hawachoki kulitazama.

Maganda yakikauka hupasuka yenyewe na kurusha mbegu, hivyo huyachuma yakishakuwa ya kahawia. Jirani akija kuomba, humfungia mbegu 10 ndani ya kipande cha msasa.