Jina Nililopewa Dakar

Wiki yangu ya kwanza Dakar, mji mkuu wa Senegali, nilipewa jina. Mama mwenye nyumba, mtaa wa Médina, aliniuliza ukoo wangu, nikamtajia. Alijaribu kulitamka mara mbili, akaliacha. "Kuanzia leo wewe ni Ndiaye, kama mimi."

Kwa Wawolofu, kabila kubwa la huku, jina la ukoo ni nusu ya salamu. Mtu anataja lako, nawe unataja lake, mnarudiarudia huku mmeshikana mikono. Nikipanda teksi dereva akawa Diop, basi safari nzima ni vicheko: ataniambia akina Ndiaye ni walafi wa wali, nami nimefundishwa kumjibu kwamba yeye ni mtumwa wangu. Ni utani uleule wa Wanyamwezi na Wazaramo. Nikajiona nimefika nyumbani.

Ilinichukua karibu mwaka kuona kazi nyingine ya majina hayo.

Jirani yetu ni sonara. Jioni hupenda kukaa kwake wakati chai inapikwa, ile attaya yao ya duru tatu. Ana kipande cha chuma chenye matundu, kuanzia kubwa hadi dogo. Huchonga ncha ya waya wa fedha, huupenyeza tunduni, huukamata kwa koleo na kuuvuta kwa uzito wa mwili wote. Kisha tundu linalofuata, na linalofuata, mpaka waya unakuwa mwembamba kama uzi wa kushonea. Hapo ndipo huanza kuusokota maua. Mji mzima huvaa kazi za mikono kama yake.

Mpwa wake anafundisha hesabu sekondari. Hajawahi kushika koleo. Alipopeleka posa kwa binti aliyesoma naye chuo, jibu lilirudi kwa adabu kubwa: haiwezekani. Yeye ni tëgg.

Tëgg ni wahunzi na masonara. Pamoja na mafundi wa ngozi, wafumaji, wachonga mbao na géwél, yaani wapiga ngoma na watunza nasaba, huitwa ñeeño. Wasio wa fani hizo ni géér, wengi wao wa asili ya wakulima. Zamani za falme za Kajoor, Waalo, Bawol na Jolof, walikuwepo pia jaam, watumwa, na hata hao hawakuwa sawa, maana mtumwa wa mfalme aliyebeba silaha aliweza kumtetemesha mkulima huru. Ñeeño si mtumwa, amezaliwa huru. Ila haoi kwa géér. Kazi unaweza kuiacha, damu hapana. Likisikika jina Thiam, wengi hufikiria uhunzi, ingawa si kila Thiam ni mhunzi.

Na kuna jambo lililonichelewesha kuelewa. Géér ndiye wa kutoa, ñeeño ndiye wa kupokea. Kwenye sherehe ya kumpa mtoto jina, géwél husimama akazitaja nasaba za baba mpaka machozi yanatoka, na baba hutoa noti. Asipotoa, aibu ni yake. Kuomba ni haki ya géwél, na géér akiomba hadharani anajishusha.

Nilimuuliza Mama, usiku, tukiwa wawili. "Yaay, sote tunaswali msikiti mmoja. Katiba yenu inasema watu ni sawa bila kujali asili. Kijana yule ana kosa gani?"

"Hana kosa, mwanangu. Ni mtu mzuri. Lakini nikikubali mimi, dada zangu watasema nini?"

"Na ningeposa mimi?"

Alinitazama. "Wewe ni mgeni."

Iliniuma, kwa sababu nampenda, na kwa sababu sikuwa na pa kusimama nikamhukumu. Mimi ni wa Pangani. Utumwa Tanganyika ulifutwa kisheria 1922, lakini bibi yangu aliujua ukoo upi ni wa waungwana na upi babu yao alinunuliwa, na hakuyataja hayo ila siku ya posa. Leo tunasema muungwana tukimaanisha mtu mwenye adabu. Zamani neno lilimaanisha asiye mtumwa. Nimelitumia maisha yangu yote kusifu watu bila kujua ninachokisema, na huku kwenye teksi nilikuwa namwita Diop mtumwa na kucheka.

Yule binti na mwalimu bado wanaongea kwa simu. Ni mwaka wa tatu sasa.

Jumamosi iliyopita Mama alinituma kwa sonara na bangili yake iliyokatika, pamoja na faranga 5,000. Akaitia lehemu, akaisugua mpaka ufa haukuonekana. Nilipompa hela aliikunja, akairudisha kwenye kiganja changu. "Mwambie Ndiaye, jirani simtozi."

Nilimfikishia bangili na salamu. Ile noti aliishika muda mrefu, akaigeuzageuza, kisha akaniuliza kama nina hakika sonara ameelewa kwamba imetoka kwake.