Jinsi nilivyoisaka hitilafu iliyokuwa ikizima injini ya gari langu la zamani

Injini inayozimika ghafla na kuwaka tena baada ya kupoa ni ngumu kuipima kuliko injini iliyokufa kabisa, kwa sababu gari linapofika kwa fundi hitilafu imekwisha kujificha, na hapo ndipo vifaa vizima huanza kubadilishwa kwa kubahatisha. Gari langu, ambalo linatumia petroli na lina injekta za kunyunyizia mafuta na distribyuta, yaani kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi, lilikuwa na ugonjwa huo. Lilizimika likiwa mwendoni, hasa siku za jua kali baada ya kuegeshwa mahali pasipo kivuli, nalo lilikubali kuwaka tena baada ya nusu saa hivi. Niliamua kwamba sitanunua kifaa chochote mpaka nione ni kitu gani hasa kinachokatika wakati ule ule injini inapozimika.

Kwanza nilimaliza mambo mepesi. Vichwa vya betri vilikuwa safi na vimekazwa, waya wa hasi unaoshika kwenye bodi na ule unaoshika kwenye injini ilikuwa mizima, betri ilisoma volti 12.6 injini ikiwa imezimwa na volti 14 injini ikiunguruma. Nilitikisa ufunguo kwenye swichi yake na kuvutavuta nyaya zote nilizoweza kuzifikia huku injini ikiwaka, wala haikushtuka. Nililegeza pia kifuniko cha tangi, kwa kuwa tundu la hewa likiziba tangi hubaki likivuta hewa na mafuta hushindwa kutoka, lakini sikusikia hewa ikiingia kwa nguvu. Kuhusu kompyuta ya injini, magari yaliyotengenezwa kabla ya OBD-II, mfumo sanifu wa gari kujichunguza na kutoa misimbo ya hitilafu, ambao Marekani iliulazimisha kwa magari ya modeli ya 1996 na kuendelea, mara nyingi hueleza machache sana. Langu ni mojawapo, na taa yake ya tahadhari haikuwa na msimbo wowote wa kunionyesha.

Swali lililobaki ni lile ambalo kila fundi huanza nalo: kinachokosekana ni cheche au ni mafuta? Ugumu ni kwamba ukishuka garini, ukafungua boneti na kutoa plagi ili uangalie cheche, dakika kadhaa zimepita na huenda kifaa kibovu kimeanza kupoa. Kwa hiyo nilichukua balbu mbili ndogo za volti 12, zile za dashibodi, nikazitia nyaya ndefu zenye fyuzi ndogo. Moja niliiunganisha kwenye waya unaopeleka umeme kwenye pampu ya mafuta, ambao kwenye gari hili unapatikana chini ya kiti cha nyuma, na ya pili kwenye upande wa chanya wa koili, kifaa kinachokuza umeme wa betri ili utoe cheche. Upande wa pili wa kila balbu niliufunga kwenye bodi, kisha nikazibandika zote mbili mahali ambapo ningeziona bila kuondoa macho barabarani.

Jambo la kuangalia hapa ni mfuatano, na ningependa msomaji alizingatie kwa makini. Injini ikisimama na ishara ya mzunguko kutoka kwenye distribyuta ikakosekana, kompyuta yenyewe huikatia pampu umeme, ili petroli isiendelee kusukumwa baada ya ajali. Maana yake ni kwamba balbu ya pampu itazimika hata kama pampu haina kosa lolote. Ikiwa kosa liko kwenye cheche, injini hukatika papo hapo na balbu ya pampu hufuata baada ya kitambo kidogo. Mara nyingi mshale wa mizunguko ya injini nao huanguka kwenye sifuri ingawa gari bado liko kwenye gia na magurudumu yanaizungusha injini. Ikiwa kosa liko kwenye umeme wa pampu, balbu hutangulia kuzimika, na injini huendelea kidogo kwa presha iliyobaki kwenye bomba, ikaanza kumisi, ndipo ikafa.

Nilichagua barabara tulivu yenye nafasi ya kuegea pembeni, maana injini ikizimika usukani na breki huwa vizito. Jua lilipopamba moto tukio lilitokea nikilitazama: balbu ya pampu ilizimika, ya koili ikabaki inawaka, injini ikaunguruma kidogo, ikamisi, ikasimama, na mshale wa mizunguko ukashuka polepole pamoja nayo. Kwa hiyo distribyuta, koili na sensa zake, ambavyo ndivyo hushukiwa kwanza, vilikuwa havina hatia.

Papo hapo nilimwomba ndugu yangu apige starta huku mimi nikipima kwa mita rilei ya pampu, yaani swichi ya umeme inayoiwasha pampu kwa amri ya kompyuta. Kwenye mguu wa kuingiza umeme kulikuwa na volti 10 na kitu, kiasi cha kawaida starta inapovuta betri. Mguu unaoamriwa na kompyuta ulikuwa karibu na sifuri, na kwa kuwa kompyuta huamuru kwa kuuunganisha mguu huo na hasi, maana yake ilikuwa inatoa amri kama inavyotakiwa. Mguu wa kutolea ulikuwa sifuri. Umeme ulikuwa unaingia, amri ilikuwepo, lakini hakuna kilichotoka.

Nyumbani nilifungua kasha la rilei hiyo, ambayo imefungwa chini ya dashibodi, mahali ambapo joto la gari lililofungwa madirisha hujaa. Kwa jicho la kawaida bao lake la saketi lilionekana zima. Kwa kioo cha kukuzia niliona, kuzunguka pini moja nene, duara jembamba la rangi ya kijivu iliyofifia kama ufa kwenye ukingo wa kikombe: solda, ile metali laini inayoyeyushwa kuunganishia, ilikuwa imeachana na pini. Ikiwa baridi vilikuwa vinagusana. Joto likiitanua pini, vinaachana.

Kabla ya kutengeneza niliirudisha rilei ikiwa haina kasha, nikawasha injini na kuipuliza kwa kikausha nywele. Injini ilizimika. Ndipo nikaondoa solda yote ya zamani, nikasafisha kwa spiriti na kuchomelea upya pini zote nene, si ile moja tu, kwa kuwa zote zimepitia joto lile lile. Niliipuliza tena kwa muda mrefu kuliko mara ya kwanza na injini haikubadilisha hata mlio wake. Nilipopima kutoka mguu wa kuingiza hadi wa kutolea pampu ikifanya kazi, upotevu ulikuwa chini ya volti 0.1. Balbu niliziacha mahali pake mpaka msimu wa jua ulipopita, na ya pampu haikuzimika tena safarini.