Aulizwe Mwenyewe

Niko Tanga tangu wiki iliyopita, likizo yangu ya kwanza baada ya miaka minne. Hapa Ngamiani kila anayekuja kunisalimia ana swali lile lile: kweli huko Marekani watu wanawatupa wazazi wao kwenye nyumba za wazee? Kazi yangu ndiyo hiyo, nahudumia wazee Ohio. Waliosahauliwa na watoto wao wapo, sikatai. Lakini wana kitu ambacho huku sijakiona: sheria inayotaka mzee aulizwe.

Sheria hiyo ni ya mwaka 1987. Mzee ana haki ya kushiriki kupanga matibabu yake, barua zake zisifunguliwe na mtu, na alalamike bila kulipiziwa kisasi. Wala haruhusiwi mtu kumfunga ili wahudumu wapate nafuu ya kazi.

Hilo la kufungwa nimelishuhudia. Mzee mmoja alikuwa akikalishwa kwenye kiti chenye kimeza kinachobanwa mbele ya tumbo, eti asianguke. Kukifungua mwenyewe hawezi. Kutwa nzima anakwaruza ukingo wake kwa kucha. Nikamwambia muuguzi wa zamu, akanijibu tuko wachache. Ukutani kuna bango lenye simu ya mtetezi wa wakazi wa nyumba za wazee, maana kila jimbo lina watetezi hao. Nikapiga.

Mtetezi alikuwa mama mmoja, na alipofika hakuanzia kwa meneja. Alivuta kiti akakaa na mzee, akamuuliza anataka nini, na kama anaridhia suala lake lifuatiliwe. Mzee asiporidhia, mtetezi hapeleki malalamiko yake popote. Mzee akasema anataka kutembea mpaka dirishani. Wiki ile ile kimeza kikaondolewa, tukawa tunamsindikiza.

Sasa nyumbani. Bibi alianguka kabla ya Ramadhani, na tangu hapo wajomba wameamua asitoke chumbani. Wanampenda sana, hata uji anapelekewa ungali moto. Juzi tulikuwa tunajadili habari zake, naye yuko pale pale kitandani anatusikiliza.

Nikamgeukia. "Bibi, wewe mwenyewe unataka kukaa wapi?"

Alikaa kimya kidogo. "Barazani, mjukuu wangu. Watu nawasikia wakipita, siwaoni."

Mjomba mkubwa akainamisha kichwa. Jioni tukamtoa, mjomba bega hili, mimi bega lile, tukamweka kwenye kiti chenye mikono. Mpaka inaadhiniwa Magharibi alikuwa bado anaitikia marahaba.