Jinsi Nilivyopata Kinga ya Meno Inayokaa Kinywani

Kinga ya meno, ile plastiki anayovaa bondia kinywani, ikikaa sawasawa hushika meno ya juu yenyewe: ukiachama haianguki, ukizungumza unaeleweka, na ukihema kwa kasi katikati ya raundi hewa inapita. Nasisitiza jambo hili kwa sababu katika kambi za ngumi za hapa Dar es Salaam nimeambiwa mara nyingi, tena na watu waliopigana kwa miaka, kwamba kinga yoyote inatosha mradi uiume kwa nguvu. Kuiuma muda wote huchosha misuli ya taya, bondia aliyechoka taya huachama, na konde linalompata akiwa ameachama ndilo hatari zaidi kwa taya yake.

Nilinunua ile ya kulainishwa kwa maji ya moto, kwa shilingi 20,000 hivi. Inayotengenezwa na daktari wa meno kwa kufuata umbo la kinywa chako ni bora zaidi, lakini bei yake ilikuwa mara nyingi ya hiyo. Muuzaji alinihakikishia kwamba niiache katika maji yanayotokota mpaka ilegee kabisa, nami nikafanya hivyo. Plastiki ile ilinywea kama mchicha sufuriani, kuta zake mbili zikagandana, na nilipozitenganisha nikakuta sehemu inayoumwa na meno, ambayo ndiyo hasa inayopokea kishindo, imebaki nyembamba mno. Ushauri huo bado unatolewa, nao unaniudhi, kwa sababu kijana anayeufuata huingia ulingoni akiamini kwamba amejikinga.

Ya pili niliianza kwa kalamu. Kwa kuwa nina mwanya, nilichora mstari mdogo katikati ya kinga, nikajizoeza mbele ya kioo kuivaa ikiwa bado ngumu, hadi mstari na mwanya vikawa vinakutana bila kupapasa. Ndipo nilipoepua maji, nikayaacha yatulie, nikaizamisha kwa kijiko chenye matundu kwa muda wa nusu dakika hivi, kisha nikaipitisha upesi kwenye maji ya kawaida ili isiniunguze ufizi. Ilipoingia niliiuma kwa kiasi, nikasukuma kaakaa kwa ulimi na kufyonza hewa na maji yaliyobaki, huku vidole vikibonyeza midomo na mashavu kutoka nje, hatua kwa hatua hadi kwenye magego. Meno ya chini nayo yaliacha alama zake, na humo ndimo yanamotulia sasa ninapofunga kinywa, hata taya isining'inie. Ncha za nyuma zilinitia kichefuchefu, nikazipunguza kidogo sana kwa mkasi. Wapo wanaoikata mpaka ibakie ya meno ya mbele tu, wakidai kwamba wanapumua vizuri. Ukiacha magego wazi, taya inakosa pa kuegemea.

Mwenzangu wa mazoezi, anayepigia mkono wa kushoto, alinifikia kidevuni kwa konde zito la kutoka chini, na meno yangu hayakugongana wala ulimi haukukatika. Nilijivunia sana kazi ya mikono yangu siku hiyo. Hata hivyo kocha alinikumbusha: "Mwanangu, hiyo ni ya meno. Kichwa unakilinda kwa miguu na mikono." Yuko sahihi, kwani kinga haizuii ubongo kutikisika.

Katika ngumi za ridhaa kuivaa ni lazima, na nyekundu hairuhusiwi, maana mwamuzi anahitaji kuiona damu ya kinywani. Yangu huiosha kwa maji baridi na kuihifadhi katika kikasha chenye matundu, mbali na jua, kwa sababu joto huiharibu umbo. Mwenye waya za kunyooshea meno asiijaribu hii ya maji ya moto peke yake, kwani meno yake yanahama na plastiki laini inaweza kunasa kwenye waya. Huyo amwone daktari wa meno kwanza.